Masta Silinda ya Gari la Zamani: Kuachia Kuna Kazi Kuliko Kukanyaga

Inua zulia la Morris Minor upande wa dereva, utakuta kifuniko kidogo sakafuni. Chini ya kifuniko hicho ndipo ilipo masta silinda ya breki, imefungwa kwenye boriti ya chasisi, mahali ambapo tope na maji ya barabara huifikia kabla ya jicho la mwenye gari. Walioliunda gari hilo Uingereza mwaka 1948 walikuwa na sababu zao: pedali yake imeota kutoka sakafuni, na ukiiweka masta karibu na miguu, fimbo fupi tu inatosha kuisukuma pistoni. Ni mpango mwepesi na imara. Ubaya wake ni kwamba kifaa kinachobeba uhai wa watu wote waliomo garini kimelazwa chini ya zulia, na mwenye gari anaweza kumaliza mwaka mzima bila kukumbuka kuangalia kama kina mafuta.

Mazungumzo ya breki, iwe gereji au barazani, huanza na kuishia kwenye kukanyaga: mguu unasukuma, mafuta yanakwenda, gari linasimama. Ni kweli, na ndiyo sehemu iliyo rahisi kueleweka. Lakini ukizifungua masta zilizokufa za magari ya miaka ya 1950 na 1960, utaona kwamba nyingi hazikuuawa na kukanyagwa. Ziliharibiwa na namna zilivyorudi, au zilivyozuiwa kurudi, au na miezi mingi ya kukaa tu bila kuguswa. Nionavyo mimi, anayetaka kuielewa masta silinda aanze na swali hili: mguu ukiachia, kuna nini kinatokea mle ndani?

Hata hivyo kukanyaga tukumalize kwanza. Kanuni yake iliwekwa wazi na Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17: presha ukiitia kwenye kimiminika kilichofungiwa, inasambaa sawasawa pande zote. Tuseme dereva anakanyaga kwa nguvu ya kilo 30. Pedali ni wenzo. Ikizidisha mara tano, pistoni ya masta inasukumwa kwa kilo 150. Kama kipenyo cha pistoni ni milimita 19, kipimo cha kawaida kwa magari madogo ya wakati ule, eneo lake ni kama sentimita za mraba 2.84, na presha ndani ya mabomba inafika kama kilo 53 kwa kila sentimita ya mraba. Presha hiyohiyo ikifika kwenye wili silinda yenye pistoni ya milimita 25, inageuka kuwa nguvu ya karibu kilo 260 inayobana breki shu kwenye dramu. Dereva aliyetoa kilo 30 anapata mamia ya kilo kwenye kila tairi.

Nguvu hiyo inalipiwa kwa mwendo. Pistoni ya masta ikisogea milimita 20, inasukuma mafuta yasiyozidi sentimita za ujazo 5.7, yaani kijiko cha chai na tone juu yake. Kijiko hicho ndicho kinachogawanywa kwa matairi yote manne. Sasa chukua breki shu nane zilizolika bila kurekebishwa, kila moja imeachana na dramu milimita moja zaidi ya inavyotakiwa. Kuzisogeza tu hadi ziguse, kabla hazijabana chochote, kunakula sentimita za ujazo kama nne. Kinachobaki kwa ajili ya kulisimamisha gari ni kidogo mno, na pedali inakwenda karibu na sakafu. Wangapi wamenunua masta mpya kwa ugonjwa huu, wakati dawa ilikuwa kuzikaza breki shu kwa bisibisi? Ukipampu mara mbili haraka na pedali ikapanda, anzia kwenye dramu kabla hujaituhumu masta. Upepo nao unaibia hapohapo: kiputo cha sentimita moja ya ujazo, kikikutana na presha ile, kinasinyaa hadi karibu kuisha, na ujazo wake wote umetoka kwenye kijiko chetu.

Tuje kwenye kuachia. Masta ya aina ya Lockheed, iliyofungwa kwenye Morris Minor na ndugu zake wengi, ina matundu mawili yanayotoka kwenye tangi la mafuta kuingia kwenye silinda. Tundu kubwa liko nyuma ya raba ya mbele ya pistoni. Tundu dogo, ambalo kipenyo chake hakifiki hata milimita moja, liko mbele kidogo tu ya mdomo wa raba hiyo pistoni inapokuwa imerudi mwisho kabisa. Kwa hiyo gari likiwa limetulia bila kukanyagwa breki, mfumo mzima wa mabomba uko wazi kwa tangi kupitia kijitundu hicho. Mguu unapoanza kukanyaga, mwendo wa kwanza kabisa haujengi presha yoyote. Unaipitisha tu raba juu ya tundu dogo na kulifunga. Hapo ndipo breki inapoanza.

Dereva anapoachia, springi ya masta inairudisha pistoni kwa kasi kuliko mafuta yanavyoweza kurudi kupitia mabomba membamba. Mbele ya pistoni panabaki upungufu. Kama isingekuwapo njia ya kuujaza, hewa ingenyonywa kupitia kwenye raba za wili silinda. Njia hiyo ni tundu kubwa: mafuta yanaingia nyuma ya raba, yanapita kwenye vijitundu vilivyotobolewa kwenye kichwa cha pistoni, yanaukunja mdomo wa raba na kuingia mbele. Raba ile inazuia kutoka mbele kwenda nyuma, na inaruhusu kutoka nyuma kuja mbele. Kipande kimoja cha mpira kinafanya kazi ya ukuta na ya mlango. Kisha mafuta ya kwenye matairi yanapofika, yakikuta nafasi imeshajazwa, ziada inapanda tangini kupitia tundu dogo. Fungua kifuniko cha tangi, mwambie mtu akanyage kidogo na kuachia, na kama masta ni nzima utaona mchirizi mdogo wa mafuta ukiruka. Usipouona, tafuta sababu kabla gari halijatoka.

Sababu zenyewe ni chache. Kijitundu kimezibwa na uchafu au kutu. Raba imevimba hadi imekifunika hata pistoni ikiwa imerudi. Au, na hii ndiyo inayonisikitisha zaidi kwa kuwa inafanywa kwa mikono ya watu wenye nia njema, fimbo ya pedali imerekebishwa ikawa ndefu mno. Kati ya fimbo na pistoni lazima ibaki nafasi ndogo, kama milimita moja, ambayo dereva huisikia pedalini kama ulegevu mdogo kabla ya uzito kuanza. Fundi asiyejua anaiona nafasi hiyo kama kasoro, anaikaza fimbo, pedali inashika juu, mteja anafurahi. Gari linatoka. Baada ya kilomita kadhaa dramu zinapata moto, mafuta yanatanuka, yanatafuta njia ya kupanda tangini na kuikuta imefungwa na raba ambayo haikuruhusiwa kurudi nyuma milimita moja. Mafuta yaliyotanuka yanasukuma breki shu, breki shu zinaongeza moto, moto unaongeza kutanuka. Gari linajifunga lenyewe barabarani.

Likikufika, kuna njia ya kujua kosa liko wapi. Legeza bomba pale linapotokea kwenye masta. Matairi yakiachia, presha ilikuwa imenaswa na masta yenyewe. Yasipoachia, legeza nipeli ya kutolea upepo ya tairi linalong'ang'ania. Likiachia hapo, shuku hozi ya mpira, kwa sababu hozi ya miaka mingi huvimba ndani na kugeuka mlango wa kwenda bila kurudi, ingawa kwa nje inaonekana nzima. Lisipoachia hata hapo, ugonjwa hauko kwenye mafuta. Ni pistoni ya wili silinda iliyoganda au nyaya za handibreki.

Mwishoni mwa masta nyingi za dramu kuna kitu kingine ambacho wengi hukitupa wakidhani ni takataka: vali ndogo inayobakiza presha kidogo kwenye mabomba hata baada ya mguu kuondoka. Kazi yake ni kuiweka midomo ya raba za wili silinda ikiwa imekazwa kwenye kuta, hewa isipenye wakati wa kuachia. Anayejenga upya masta ya dramu na kuiacha vali hiyo nje, anaweza kutoa upepo leo na kesho akaukuta tena. Na anayefunga breki za diski mbele kwenye gari lililokuwa la dramu, bila kuiondoa vali hiyo, atashangaa kwa nini padi zinasugua diski muda wote, maana diski haina springi kubwa ya kuvuta padi nyuma.

Girling, wapinzani wa Lockheed huko Uingereza, walilitatua suala la kijitundu kwa namna nyingine. Masta yao inayojulikana kwa herufi CV, iliyofungwa kwenye Land Rover nyingi za Series II, haina tundu dogo la kupitiwa na raba. Ina vali iliyokaa mbele ya silinda, imeshikanishwa na pistoni kwa kijiti na springi. Pistoni ikianza kwenda mbele, vali inajifunga. Ikirudi, mwendo wa mwisho kabisa ndio unaoivuta vali na kuifungua. Faida yake ni kwamba hakuna ukingo mkali wa tundu unaokwangua raba kila mara mguu unapokanyaga. Sharti lakini ni lilelile: pistoni isiporudi mwisho, vali haifunguki, na Land Rover inajifunga kama Morris.

Watengenezaji wa mwanzo nao walisumbuliwa na kuvuja zaidi ya nguvu ya kusukuma. Malcolm Loughead, Mmarekani aliyekuwa akiunda ndege pamoja na ndugu yake, alipata hataza ya breki za mafuta kwa matairi manne mwaka 1917. Duesenberg wakaziweka kwenye gari lao la mwaka 1921, na Chrysler mwaka 1924 wakazipeleka kwenye gari la bei ambayo watu wengi zaidi waliimudu. Vikombe vya pistoni vya mwanzo vilikuwa vya ngozi, na ngozi ilivuja. Wahandisi wa Chrysler ndio waliohamia kwenye raba, na hapo mfumo ukaanza kuaminika. Henry Ford hakushawishika. Magari yake yalibaki na fimbo na nyaya hadi yale ya mwaka 1939, na kampuni ilijinadi kwa chuma kinachotoka mguuni hadi kwenye tairi. Volkswagen waliliwekea Beetle la kuuzwa nje breki za mafuta mwaka 1950, lakini toleo la bei ya chini liliendelea na nyaya hadi 1962. Si haki kuwaita watu hao washamba. Hoja yao ilikuwa nzito: waya ukikatika, tairi moja linapotea, bomba likipasuka kwenye mfumo wa njia moja, matairi yote manne yanapotea kwa mkupuo mmoja.

Hoja hiyo ilijibiwa miaka ya 1960. Masta ya njia mbili ina pistoni mbili zilizopangwa mstari mmoja katika silinda moja, kila moja na tangi lake na mabomba yake. Upande mmoja ukivuja, pistoni yake inakwenda hadi inagota, kisha upande mzima unafanya kazi. Pedali inashuka sana na gari linachelewa kusimama, lakini linasimama. Cadillac walikuwa nayo kwenye magari yao ya 1962, na kuanzia Januari 1, 1968, sheria ya Marekani ikayataka magari madogo mapya yote yawe na mfumo wa namna hiyo. Morris Minor liliendelea na njia moja hadi lilipoacha kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Sasa tufike kwenye adui mkubwa, ambaye ni kulala. Mafuta ya kawaida ya breki hutengenezwa kwa glikoli, na glikoli hunyonya unyevu kutoka hewani. Unyevu unaingia kupitia tundu la kupumulia la kifuniko, kupitia hozi, kupitia raba. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kwa kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 140. DOT 4 inashuka kutoka 230 hadi 155. Dereva wa mjini hatauona upungufu huo. Atauona akishuka mteremko wa Kitonga na abiria wanne, mguu ukiwa pedalini muda wote: mafuta yanachemka kwenye wili silinda, mvuke unashika nafasi ya mafuta, na pedali inazama bila tone kuvuja popote. Yakishapoa, breki inarudi kama kawaida, na fundi anayelipokea gari siku inayofuata haoni kosa.

Hayo ni ya gari linalotembea. Gari lililolala lina balaa lake. Masta nyingi za zamani ni za chuma cha kusubu. Maji yaliyomo kwenye mafuta yanakaa mahali pamoja, na kwenye kuta za silinda, mbele ya pale raba ilipotulia, kutu inaanza kuchimba vishimo. Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja, ambako hewa yenyewe ina unyevu na chumvi, gari lililofunikwa turubai miaka michache linaweza kuwa na injini inayowaka kwa mara ya kwanza na masta isiyofaa kabisa. Mwenyewe ataikuta pedali ngumu na nzuri, kwa sababu raba bado imekaa kwenye eneo safi ililolizoea.

Kisha linakuja kosa ambalo naomba kila fundi alisome mara mbili. Kutoa upepo kwa mtindo tuliouzoea ni mmoja kukaa ndani na mwingine chini: "Pampu, pampu, shikilia!" nipeli inafunguliwa, pedali inazama hadi sakafuni, inafungwa, "Achia." Kwenye masta mpya hakuna tatizo. Kwenye masta ya miaka 30, pedali inayozama hadi sakafuni inaipeleka raba kwenye sehemu ya silinda ambayo haijawahi kufikiwa kwa miaka, yenye kutu na vishimo, na midomo ya raba inachanika. Gari liliingia gereji na masta inayofanya kazi, likatoka na masta mbovu, na fundi anaapa kwamba hakuigusa. Weka kipande cha mbao chini ya pedali ili isizame zaidi ya nusu, au vuta mafuta kutoka kwenye nipeli kwa pampu ya mkono.

Masta iliyochanika raba ya mbele ina dalili yake ya wazi: simamisha gari, kanyaga kwa nguvu ndogo isiyobadilika, na pedali inashuka polepole huku nje hakuna uvujaji. Mafuta yanapita kando ya raba na kurudi tangini. Raba ya nyuma ikichoka, mafuta yanatoka kwenye fimbo na kudondokea sakafuni au chini ya gari. Ya pili huonekana mapema. Ya kwanza ndiyo inayoua, kwa sababu ukikanyaga kwa nguvu na ghafla raba huweza kushika vizuri, na ukikanyaga taratibu kwenye foleni ndipo inapoachia.

Kuhusu kutengeneza, msimamo wangu ni mkali. Kusugua silinda kwa msasa laini ni sawa kama lengo ni kuondoa utando. Vishimo vinavyoshika ukucha haviondoki kwa msasa. Kuvifukuza ni kupanua silinda hadi raba inabaki kubwa jina tu. Silinda kama hiyo ipelekwe kwa fundi wa mashine aivishe ala ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu kwa kipimo cha asili, kazi ambayo ikifanywa vyema inazidi ya kiwandani. Raba zioshwe kwa spiriti au kwa mafuta ya breki yenyewe. Petroli, dizeli na oili ya injini huzivimbisha, na mfumo uliowahi kutiwa oili unahitaji raba zote mpya, za wili silinda pamoja na hozi. Wapo pia wanaoziba bomba la tairi moja kwa gololi ili gari lifike nyumbani, kisha nyumbani panakuwa mbali miezi sita. Gari hilo likikanyagwa breki kwa ghafla linavuta upande mmoja, na anayepishana nalo hajui.

Swali linalobishaniwa sana na wapenzi wa magari haya ni kama inafaa kung'oa masta ya asili ya njia moja na kuweka ya njia mbili. Wanaopinga wanataka gari libaki lilivyotoka kiwandani, na kwa gari la kupambwa kwenye maonyesho kama Concours d'Elegance ya Nairobi nawaelewa kabisa. Lakini magari haya yanaendeshwa pia. Mengine yanapeleka maharusi kanisani, mengine yanashuka mabonde, na East African Safari Classic Rally tangu 2003 imeyarudisha ya zamani kwenye vumbi lenyewe. Kwa gari linalobeba watu, hukumu yangu ni kuweka njia mbili pale kifaa kinachofaa kinapopatikana na vipimo vya pistoni vikalingana, na ile ya asili kuihifadhi ikiwa imepakwa mafuta ili siku moja irudishwe. Hasara ya uasili ni ndogo. Hasara ya bomba moja kupasuka haina kipimo.

Kama huwezi kubadili, basi handibreki ndiyo breki yako ya pili, na haina nyingine nyuma yake. Mwaka huu, kabla ya safari yoyote yenye mteremko, toa mafuta yote ya breki na utie mapya kutoka kwenye kopo lililofunguliwa siku hiyohiyo, rudia kila baada ya miaka miwili, badilisha hozi zote za mpira, na hakikisha handibreki inaweza kulishikilia gari mlimani bila gia.